Siku Moja Bagamoyo

Sikuwahi kujihesabu miongoni mwa watu wa kuhiji. Nilibatizwa katika Kanisa la Afrika Inland, na huko tulifundishwa tangu utoto kwamba Mungu husikia Segese sawasawa na anavyosikia kwingine kokote, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kufunga mzigo kwenda kumwomba mbali. Hata hivyo, katika miaka mingi ya kufundisha historia na baadaye kuongoza shule, nilikutana na mahujaji katika kila kitabu nilichofungua. Niliwaeleza wanafunzi habari za Waislamu waendao Makka, na za umati unaofurika Namugongo, Uganda, kila tarehe 3 Juni, wengine wakiwa wametembea kwa miguu majuma kadhaa. Moyoni nilikuwa na swali ambalo sikulisema darasani: watu hawa wanakwenda kutafuta nini ambacho nyumbani kwao hakipo?

Bagamoyo nilikwenda nikiwa na umri wa miaka 74, na sikwenda kuhiji. Nilikuwa nimeshuka Dar es Salaam kwa ajili ya macho. Daktari akaniambia nirudi baada ya siku nne, na mjukuu wangu aliyenipokea, binti wa mwanangu wa pili, akaona hizo siku nne nitazimaliza kwa kukaa kibarazani kwake nikihesabu pikipiki. Akaniuliza, "Babu, wewe umefundisha habari za Bagamoyo maisha yako yote. Umewahi kufika?" Nikamjibu kwamba sijafika. Jumamosi yake tukaenda.

Niseme hapa, ndugu msomaji, kwamba binti huyu alikuwa ameshachumbiwa. Kijana alikuwa amejitambulisha nyumbani, mshenga alikuwa ameshakanyaga ua wetu mara mbili, na kilichobaki kilikuwa wazee wa pande zote mbili kukutana Segese na kuzungumzia ng'ombe. Jambo hili linahusika na habari yangu, na litarudi mahali pake.

Tulipanda daladala Makumbusho asubuhi. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga: safari yote haifiki kilomita 70, na kama si kushusha na kupakia abiria kila baada ya hatua chache ingekuwa safari ya saa moja. Nilikaa dirishani nikifanya hesabu ambayo mwalimu wa historia hawezi kuikwepa. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo kwa njia ya misafara ni zaidi ya kilomita 800. Kutoka kwetu ni zaidi ya hapo. Mpagazi alibeba takribani frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, na juu ya hizo akaongeza mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Miezi miwili au mitatu kwenda, na mingine kama hiyo kurudi, akipita Ugogo ambako maji yalikuwa ya kununua. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 watu wa namna hiyo, Wanyamwezi na Wasukuma, walifika Bagamoyo kwa makumi ya maelfu, msimu hata msimu. Wazee wetu waliita pwani hiyo Mrima, na kijana ambaye hajafika Mrima hakuhesabiwa kuwa amekomaa. Alirudi na vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga, na nyaya za shaba, na masimulizi ya bahari ambayo waliobaki nyumbani hawakuyaamini.

Mmoja wa watu hao alikuwa baba yake babu yangu. Alifika Mrima mara tatu na mara zote tatu alirudi, jambo ambalo katika ukoo wetu limesimuliwa kama vile wengine wanavyosimulia ushindi wa vita. Malipo ya safari ya kwanza yalizaa ng'ombe watatu. Nimekua nikiisikia habari ya ng'ombe hao watatu mpaka ninaweza kukueleza rangi zao.

Tuliteremka stendi tukaanzia soko la samaki, kwa sababu mjukuu wangu alitaka kuona mashua zikiingia. Mzee mmoja mwenye kibanda cha kukaangia samaki akatusalimu, akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Segese, Kahama. Akapiga makofi. "Msukuma! Mtani wangu! Babu zako walifika hapa kwa miguu na pembe begani, wewe umekuja kwa gari mikono mitupu, halafu utataka nikupunguzie bei!" Nikamwambia kwamba babu zetu waliacha hapa deni la mchele, na mimi nimetumwa kulidai pamoja na riba. Tukacheka mpaka machozi, watu wawili ambao dakika mbili nyuma hatukujuana. Utani huu wa watu wa bara na watu wa pwani ni mali ya kale. Wanaojua mambo ya mila husema ulizaliwa katika misafara hiyo hiyo, pale wageni wenye njaa na wenyeji wenye chakula walipolazimika kutafuta njia ya kuishi bila kupigana. Samaki alinipunguzia, ila si sana.

Tulipokuwa tunakula, mjukuu wangu akawa kimya. Kisha akasema, "Babu, sielewi mnachekea nini. Sisi shuleni tulijua kila aliyefika hapa alifika na mnyororo shingoni."

Hapo nikageuka kuwa mwalimu tena, na nadhani nilisema maneno mengi kuliko alivyotaka. Nilimweleza kwamba jina lenyewe la mji, Bwagamoyo, lina maelezo mawili. Moja linasema mtumwa alipoiona bahari aliubwaga moyo wake hapa, kwa kuwa hakuwa na tumaini la kurudi. La pili linasema ni mpagazi aliyeubwaga moyo, yaani aliyetua mzigo na kupumzika, kwa kuwa taabu ya njia imekwisha na sasa ni kulipwa, kula na kucheza ngoma. Wenye kutembeza wageni hupenda lile la kwanza. Wataalamu wengi wa historia ya misafara huelekea kwenye lile la pili. Wapagazi wa kwetu walikuwa watu huru. Walifanya mapatano ya ujira kabla ya kunyanyua mzigo, walikuwa na kirangozi wao waliyemfuata, na walipoona wanapunjwa walijua kutua mizigo katikati ya njia na kukaa chini mpaka mambo yatengenezwe. Wasafiri Wazungu wameandika kurasa na kurasa wakiwalalamikia kwa tabia hiyo. Mimi huzisoma kurasa hizo kwa furaha.

Lakini watumwa pia walipita, nikamwambia. Wengi walitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na wengine upande wa Ziwa Nyasa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia kuwasafirisha kwa bahari. Mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Biashara haikufa siku hiyo. Utumwa wenyewe katika Tanganyika haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza, baada ya Wajerumani kutawala na kuondoka bila kuumaliza. Msafara mmoja uliweza kuwa na watu huru waliobeba pembe, na nyuma yao watu wasio huru.

"Kwa hiyo babu yetu alikuwa anatembea mbele yao," akasema.

Sikumjibu. Tukaondoka sokoni.

Misioni ya Bagamoyo iko kaskazini mwa mji, na unaingia kwa njia ndefu yenye miembe pande zote mbili, miti mikubwa ya zamani yenye kivuli kizito. Mapadri wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walifika Unguja katika miaka ya 1860, na mwaka 1868 Padre Antoine Horner akaanzisha makazi hapa kwenye ardhi waliyopewa kwa ridhaa ya Sultani. Ndiyo sababu Wakatoliki huja hapa kuhiji. Kwao hapa ni mlango ambao imani yao iliingilia bara, na mwaka 2018 walisherehekea miaka 150. Ni mlango kweli, hata kwa upande wetu wa nchi. Mapadri Weupe waliokuja kujenga misioni za Tabora na Ziwa, na baadaye Ushirombo ambako si mbali na kwetu, msafara wao wa kwanza ulianzia Bagamoyo mwaka 1878. Walifuata njia ya wapagazi kwa miguu, na mmoja wao, Padre Pascal, alikufa kabla ya kufika Tabora.

Kazi ya kwanza ya Horner na wenzake ilikuwa kununua watoto. Neno hili linamshtua msomaji wa leo, nami silipambi. Walikwenda katika soko la Unguja, wakatoa fedha, wakachukua watoto, wakawaleta hapa. Walifundishwa kusoma, useremala, uhunzi, uashi na kilimo. Walipokua waliozeshwa na kupewa nyumba katika kijiji cha watu walioachwa huru. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha majengo mengi, wakaanza upya. Katika vita vya Abushiri vya 1888 hadi 1889 watu kwa maelfu walikimbilia ndani ya mipaka ya misioni. Haya yote ni mambo mema na nisingependa kuyapunguza. Lakini mimi nimeendesha shule ya bweni kwa kengele, na najua kengele ni kitu gani. Watoto wale waliishi kwa kengele kutwa nzima, wakilima mashamba ya misioni, chini ya watu waliowapenda na ambao walishika mamlaka yote juu yao mpaka ndoa zao. Walikuwa wameachwa huru, ila si kwa namna ambayo wewe au mimi tungeiita uhuru leo.

Tuliona kanisa jipya, lililojengwa kati ya 1910 na 1914, na mnara wa lile la zamani lililoanzwa 1872. Ndani ya kanisa hilo la zamani uliwekwa mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874. Wageni wengi hupiga picha hapo kwa ajili yake. Mimi nilisimama nikiwafikiria waliombeba, Chuma na Susi na wenzao, kutoka Ilala katika Zambia ya leo, kupitia Unyanyembe, hata pwani, miezi tisa ya njia, na maiti iliyofungwa ionekane kama mzigo wa kawaida ili wenye vijiji wasiizuie. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya upagazi. Jacob Wainwright, aliyekuwa miongoni mwao, alisafiri na jeneza mpaka Uingereza na alikuwa mmoja wa walioshika pembe za jeneza hilo siku ya mazishi London.

Makaburi ya wamisionari yako karibu. Mjukuu wangu alisoma miaka iliyoandikwa akawa anatoa kwa sauti: ishirini na sita, thelathini na moja, ishirini na tisa. Malaria haikuwa na heshima kwa mtu.

Karibu na hapo pana mbuyu. Mapokeo ya misioni yanasema ulipandwa katika mwanzo wa makazi yale. Katika miaka ya 1890 mama mmoja Mfaransa aliyeitwa Madame Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa, alimfunga punda wake kwenye mti huo kwa mnyororo, na mnyororo ukaachwa pale. Mti ukakua, ukaumeza. Siku ile tuliyofika kilibaki kipande kifupi tu kilichochomoza kwenye gome. Walikuwapo vijana watatu wakipigana picha, mmoja ameshika kile kipande kwa mkono mmoja na shingo yake kwa mkono mwingine, uso ameukunja kwa huzuni. Mjukuu wangu akataka kuwaambia kwamba ni mnyororo wa punda. Nikamzuia. Mnyororo wa kweli walikuwa nao makumbusho, hatua chache kutoka hapo, katika nyumba iliyokuwa ya masista. Lakini ule uko ndani ya chumba, na huwezi kuugusa.

Sisi tuliuona. Pingu za miguu, na mnyororo wenye pete za shingo, mzito, wenye kutu nyekundu ya udongo. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu, mpaka mtu aliyetuongoza akaenda zake kwa wageni wengine.

Sasa nieleze jambo ambalo sikupata kuliandika.

Nilipokuwa mtoto nilishangaa kwamba babu yangu, baba yake baba, hakuwa na wajomba. Msomaji wa kwetu ataelewa uzito wake. Kwenye msiba wajomba wana nafasi yao, kwenye arusi wana fungu lao, mtoto akiugua hutumwa kwa wajomba. Kila mzee kijijini alikuwa na upande wa mama yake. Babu hakuwa nao. Nikimwuliza baba, alinituma kuteka maji. Nilikwenda Chuo cha Ualimu Butimba mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikarudi mwalimu, nikaoa, nikazaa, na bado sikujua.

Aliyeniambia ni shangazi yangu mkubwa, mwaka 1986, alipokuwa kitandani na akijua kwamba hatainuka. Aliwatoa wengine nje. Akasema: babu yetu mkubwa, yule wa safari tatu za Mrima, katika kurudi kwake mara ya pili alipita Tabora na vitambaa vyake na nyaya zake. Hakuvifikisha vyote nyumbani. Sehemu kubwa aliitoa kwa mfanyabiashara mmoja, akapewa msichana. Msichana huyo alitoka Manyema. Hakuna ng'ombe aliyetoka zizini kwa ajili yake, kwa sababu hapakuwa na baba wala kaka wa kuwapokea. Alizaa watoto wanne, wa pili akiwa babu yangu. Alilima vizuri na alikuwa mkali, na alipozeeka alikuwa akizungumza peke yake jioni kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja nyumbani aliyeijua. Watu walimwita Mmanyema. Shangazi alipokuwa mdogo alilala naye kibanda kimoja.

Kisha shangazi akanishika mkono. "Wewe ndiye mwenye kushika kalamu," akaniambia. "Usiwaambie watoto kabla hawajaoa na kuolewa. Watu wataanza kupima damu."

Watoto wangu wote sita waliposhaolewa na kuoa niliwaambia, mmoja mmoja. Wajukuu sikuwaambia. Nilihesabu kwamba amri ile ilikuwa inaendelea, kizazi kwa kizazi, na huyu aliyekuwa amesimama nami mbele ya kile kioo alikuwa amebakiza miezi michache tu.

Tukatoka nje tukakaa chini ya mwembe. Nikamweleza yote, pale pale, kama ninavyokueleza wewe. Kwa nini nilifanya hivyo sijui kulieleza vizuri. Nadhani ni ile sentensi yake ya sokoni, kwamba babu yetu alikuwa anatembea mbele yao. Nisingeweza kumwacha arudi Dar es Salaam akidhani kwamba anao watu wa mbele tu.

Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza, "Jina lake alikuwa nani?"

Nikamwambia Mmanyema.

"Hilo ni kabila, Babu. Jina."

Shangazi hakulijua. Nilimwambia hivyo. Akavunja kijiti cha mwembe vipande vidogo vidogo, akavipanga juu ya goti lake, akavifagia chini.

Miaka kadhaa nyuma padri mmoja mzee wa Kifaransa, aliyepita shuleni kwangu akielekea Kahama, alinipa kalenda yenye picha za kwao. Mwezi wa Agosti ulikuwa na picha ya mahali paitwapo Rocamadour, kusini-magharibi mwa Ufaransa: kijiji kilichobandikwa kwenye ukuta wa jabali juu ya bonde jembamba, nyumba juu ya nyumba, makanisa yakiwa yamekumbatiwa na mwamba, kama ndege waliojenga kwenye mawe yetu ya Mwanza. Padri alinieleza kwamba watu wamekuwa wakihiji pale tangu karne ya 12, kuna ngazi 216, na wengi walizipanda kwa magoti. Alieleza pia kwamba zamani mtu aliyehukumiwa kwa makosa mazito aliweza kupelekwa kule kama adhabu. Alipanda amefungwa minyororo shingoni na mikononi, akafika mbele ya sanamu ndogo nyeusi ya Bikira Maria, akaungama, na hapo padri akamfungua. Mnyororo ukabaki kule juu, yeye akashuka mtu mpya na karatasi ya kuthibitisha.

Niliikumbuka habari hiyo chini ya mwembe, nikamsimulia mjukuu wangu, kwa sehemu ili tuseme kitu kingine. Aliifikiri kidogo. "Wale walikuwa wamekosa," akasema. "Na walipewa karatasi yenye jina."

Ni kweli. Hapa petu hata Wajerumani, katika utawala wao, walitoa hati za uhuru kwa baadhi ya watumwa, na hati iliandikwa jina la mwenye kuachwa huru. Bibi yetu hakupata hati wala hakupata misioni. Hakufika Bagamoyo kabisa. Alitokea Manyema akaishia kwetu, katikati ya nchi, na aliyefika kuiona bahari ni yule aliyemnunua. Mimi nilikuwa nimekuja kuona nyayo za mmoja, na huyo mwingine hakuwa na mahali pa kuendewa. Mjini kuna boma la Wajerumani, kuna nyumba ya misafara, kuna kanisa, kuna msalaba ufukweni. Mwaka 2006 serikali yetu iliiweka njia hii yote ya pembe na watumwa, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia. Njia inakumbukwa kwa vituo vyake, na waliobaki kando ya njia, katika vibanda vya watu, hawana kituo.

Saa nane tukapanda bajaji kwenda Kaole, kama kilomita tano kusini. Magoti yangu yalishukuru kwamba Bagamoyo ni tambarare. Kaole ni magofu ya mji wa Waswahili, yenye misikiti miwili, na mmoja kati ya hiyo unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kuta za mawe ya matumbawe, makaburi yenye nguzo, na mikoko iliyoziba bahari ambayo zamani ilifika karibu. Burton na Speke walipoanza safari yao ya kwenda Ziwa Tanganyika mwaka 1857, walianzia upande huu. Tulikuta pametulia. Walikuwapo wanawake wanne wenye kanga, waliotoka mbali kama sisi, wamekaa kwenye kaburi la mwanamke ambaye wenyeji humwita Sharifa, binti wa ukoo wa Mtume. Watu huja kumwomba awaombee. Waliweka sarafu na ubani, wakasoma dua kwa sauti ya chini, kisha wakala maandazi kivulini.

Mjukuu wangu aliwatazama kwa muda, akawaendea, akawaamkia. Sikusikia walichozungumza. Niliona mmoja wao anasogea na kumpa nafasi, naye akakaa, ameinamisha kichwa, binti wa Kanisa la Afrika Inland katika kaburi la Sharifa. Kazi ya mkuu wa shule imenifundisha lini kuuliza na lini kutazama miti. Nilitazama mbuyu wa pale, ambao husemwa una umri wa karne tano, mpaka aliporudi. Alikuwa amenawa uso kwa maji ya kisima chao, kile wanachosema hakikauki.

"Nimewaambia naomba nimwombee bibi nisiyemjua jina," akasema. "Wamesema hata wao wengine hawawajui."

Stendi tulisubiri daladala ijae. Akatoa simu yake, akaniambia nimtajie ukoo. Nikataja kuanzia baba yangu kwenda juu, na yeye akaandika, na kila jina la mwanamume akataka na la mwanamke. Tulipofika pale, akauliza ni mwaka gani alioletwa. Nikahesabu kwa umri wa babu nikasema labda 1880, au karibu na hapo. Akaandika kitu. Nilivaa miwani nikasoma: "Bibi, kutoka ng'ambo ya Tanganyika." Akauliza kama ni sawa. Nikamwambia aongeze kwamba alilima vizuri na alikuwa mkali. Akaongeza.

Halafu, dereva alipokwisha washa gari, akasema atamwambia mchumba wake mwenyewe, kabla wazee hawajakaa. "Na akibadilika?" nikamwuliza. "Basi abadilike ng'ombe wakiwa bado kwao, Babu."

Wazee walikuja Segese mwezi wa Julai. Kijana alikuwa ameambiwa. Hilo nalijua, kwa sababu alipofika kuniamkia alinishika mikono yote miwili na kuishikilia kidogo kuliko kawaida. Kama alikuwa amewaambia wazee wake sijui, na sikuuliza. Mazungumzo yalichukua kutwa nzima, kama inavyotakiwa, upande wao wakilia njaa na upande wetu tukisifu masomo ya binti. Wajomba wa binti walipewa nafasi yao na wakaongea sana. Jioni ng'ombe waliingia zizini, nami niliwekewa kigoda langoni niwahesabu.